Kabla hujamuogopa prof, muulize anayekutisha alipata ngapi

Mwezi wa tisa ulikuwa unaishia, nimekaa zangu barazani hapa Ngamiani, Tanga, na wazee wa kahawa, wanabishana mambo ya timu zetu Coastal na Sports kama kawaida yao, akaja dogo wa nyumba ya pili simu mkononi. Shikamoo kaka, marahaba, hongera bwana nimesikia umepata chuo. Tena kapata chuo kikubwa, kilekile nilichosoma mimi, jina tuliache. Akakaa, akasogeza simu puani kwangu, "kaka hebu soma hii uniambie ukweli."

Ilikuwa meseji ya WhatsApp, ile iliyofowadiwa mpaka imechoka. Orodha ya walekchara wa kitivo chake, na kila mmoja kawekewa neno lake. Huyu ni baba, A nje nje. Huyu mama hana shida ila usichelewe. Huyu hafundishi anasoma slaidi. Huyu anakamata, yani anafelisha, kama ana mkataba na sapu, ile mitihani ya kurudia. Na chini kabisa, na vile vifuvu vitatu: MSUMENO, Mungu awasaidie.

Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hilo jina nililikuta chuoni na nikaliacha chuoni, zaidi ya miaka kumi sasa, kumbe bado linadunda. Dogo hakucheka. Anataka kujua kama inawezekana kumkwepa, kama kuna namna ya kuchukua hiyo kozi mwaka mwingine labda kutakuwa na mtu mwingine. Nikamwambia dogo, mi huyo Msumeno ndo mwalimu pekee wa chuo ambaye mpaka leo namkumbuka alichonifundisha.

Nakuandikia hapa nilichomwambia, maana najua kuna madogo wengi wa Tanga wameondoka au wanaondoka na meseji kama hiyo mfukoni.

Mwaka wa kwanza mi nilikuwa mtu wa nyuma. Ukumbi una watu mia sita hivi, wengine wamekaa chini, wengine wako dirishani, anayefundisha unamuona kama kidole gumba. Kozi ya takwimu, ya huyo huyo Msumeno. Nikapata desa, maswali ya testi za miaka minne na majibu yake, nikakesha nalo kwenye vimbweta, vile viti vya nje vya kusomea, mbu wananila mpaka nikalijua kama Alhamdu. Testi ikaja, nikaona swali namba moja ni lilelile, nikatiririka, nikatoka wa kwanza kwenye chumba najiona kipanga. Baada ya wiki mbili matokeo yakabandikwa ubaoni kwa namba za usajili. Nikafuata mstari na kidole, 4 kati ya 15. Nikafuata tena. 4.

Basi pale ndo nilijifunza jinsi sifa ya lekchara inavyotengenezwa. Tulikuwa kama watu kumi tumesimama mbele ya ule ubao, kila mtu kala za uso, na ndani ya nusu saa tukawa na maelezo kamili: Msumeno anapenda kufelisha, Msumeno hasahihishi anarusha karatasi juu, kuna mmoja akasema jamaa hapendi watu wa Pwani na mimi, nakiri kabisa, nikaamini. Hakuna aliyesema "labda tumekosea". Wale waliopata 12 na 13 walipita pembeni kimya kimya, nao hawakuandika meseji yoyote ya kuwaachia wadogo zao. Ndo maana nasema hizo orodha zina mwandishi, na mwandishi mara nyingi ni yule aliyeumia au yule aliyepewa cha bure. Wa katikati yuko bize na maisha yake.

Nikakaa na kinyongo wiki tatu. Siku moja naongea na mama kwenye simu, mama yangu kasoma mpaka la saba basi, nikamwaga malalamiko yote. Akaniuliza kitu kimoja, "na yeye mwenyewe anasemaje?" Nikabaki natafuta jibu mpaka salio likakata.

Nikaenda ofisini kwake. Ghorofa ya tatu, mlangoni kuna karatasi imeandikwa kwa peni, Alhamisi saa 8 mpaka saa 10. Ilikuwa Alhamisi. Mi nimesimama pale kama mtu aliyetumwa kupeleka posa kasahau maneno. Kiingereza nilikuwa nimekipanga toka kwenye ngazi. Hodi. Karibu. Nikaanza kumwaga kile Kiingereza changu, akanisikiliza kidogo akasema, "unatoka wapi wewe?" Tanga. "Basi ongea Kiswahili tusichoke wote wawili."

Hapa nisimame kidogo kwa sababu hili hakuna aliyeniambia. Darasani ni Kiingereza, sawa, pepa Kiingereza, na wengi wetu tuliosoma shule za kata tunakaa kimya semista nzima sio kwa sababu hatujui, tunaogopa kuchekwa na watu mia sita. Ofisini hamna watu mia sita. Mwalimu wako naye kala ugali kama wewe, na wengi ukiwauliza kwa Kiswahili wanakuelewesha kwa Kiswahili, afu unarudi kuandika kwa Kiingereza. Mi ningelijua hili wiki ya kwanza ningeokoa mambo mengi.

Turudi. Sakafuni kwake kulikuwa na marundo ya karatasi za testi, yamefungwa kwa kamba za katani, za kwetu hizo. Akainama, akatafuta, akaitoa yangu. Akaisoma yote mbele yangu, taratibu, mi natoka jasho. "Jibu hili zuri sana," akasema. Nikaanza kutabasamu. "Ila ni la swali la mwaka juzi."

Akachukua karatasi, akaniambia, watu wa Tanga mnajua machungwa ya Muheza, haya, gunia lina machungwa 10, manne yameoza, unachomoa mawili bila kuangalia, kuna uwezekano gani yote mawili yakawa mabovu? Mwaka juzi niliuliza unachomoa moja, unalirudisha, unachomoa tena. Mara ya kwanza mabovu 4 kati ya 10, mara ya pili bado 4 kati ya 10, unazidisha unapata 16 kwa 100. Mwaka huu nimeuliza hulirudishi. Sasa ukishatoa bovu moja gunia limebaki na machungwa 9, mabovu 3. Kwa hiyo ni 4 kwa 10 mara 3 kwa 9, ni 12 kwa 90. "Nimebadilisha neno moja, na nusu ya darasa mmenipa 16 kwa 100. Nasahihisha usiku najiuliza hivi mimi niko mwaka gani."

Hakuniongezea hata nusu maksi, nisidanganye. Ila alinipa nusu saa yake, na nilipotoka nje nikaona foleni yake ina mtu mmoja. Darasa la mia sita, siku ya kuona wanafunzi, foleni mtu mmoja! Nikaanza kwenda kila Alhamisi mbili. Nikahamia viti vya mbele pia. Kwetu testi na kazi za ndani zilikuwa 40 na pepa ya mwisho 60, kwa hiyo testi moja ikiungua bado hujafa, nikamaliza na B+. Wenzangu watatu wa pale ubaoni walikula sapu, na sapu vyuo vingi hata ukipata 90 unaandikiwa C tu, hicho nacho watu wanakuja kukijua wamechelewa.

Sasa yule "baba, A nje nje" tulikuwa naye pia, wa kwetu alikuwa mwingine ila ni wale wale. Mcheshi, hachelewi, hajawahi kumfokea mtu, anafundisha namna ya kuandika pendekezo la utafiti. Tulimpenda. Nilipata A. Leo ukiniuliza nilijifunza nini nakumbuka stori ya begi lake lilivyopotea uwanja wa ndege, na ilikuwa stori nzuri kwa kweli. Nilipofika mwaka wa tatu supavaiza wangu alinirudishia pendekezo mara nne, wino mwekundu mpaka kwenye jina la mada. Na nilipokuja fildi, mafunzo kwa vitendo, huku nyumbani, kazi ya kuchagua wakulima wa machungwa vijijini huko Muheza ili kuwahoji, kilichoniokoa ni gunia la Msumeno. Mkulima nikishamchagua simrudishi kwenye orodha. Na nisichukue wa barabarani tu wanaofikiwa na malori, wa ndani ndani nao wawemo. Bosi wa fildi akaniuliza umesoma wapi wewe.

Sisemi mkali ndo mwalimu mzuri, hapana, kuna wakali ambao ni wakali tu hamna kitu ndani. Nasema ukimuuliza kaka au dada wa mwaka wa pili usimuulize "anakamata?" Muulize testi anazirudisha, na akizirudisha kuna alichoandika zaidi ya namba? Ukienda ofisini unamkuta? Na mwisho kabisa, kwa adabu, we ulipata ngapi? Hilo la mwisho ndo linakusaidia kupima majibu ya yale mengine.

Kitu kingine, jua unaongea na nani. Sisi tukifika tunaita kila mtu prof. Kuna ngazi pale: wa chini kabisa ni mkufunzi msaidizi, wanamuita TA, huyu juzi alikuwa mwanafunzi kama wewe, kabakizwa kwa sababu ana GPA, wastani wa alama zake, ya 3.8 kwenda juu, na mara nyingi ndo anayeendesha semina zako na kusahihisha testi yako. Juu yake mhadhiri msaidizi, afu mhadhiri ambaye kwa kawaida ana PhD, afu mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndo profesa mwenyewe. Kupanda hizo ngazi kunategemea sana machapisho, yani tafiti alizoandika zikatoka kwenye majarida. Hamna anayepandishwa cheo kwa sababu mtoto wa Makorora kaelewa machungwa. Ukilijua hilo unaacha kununa prof akiwa na haraka, na unamheshimu zaidi yule anayekupa nusu saa. Na TA usimdharau jamani, huyo ana muda, ana madaftari yake ya juzi, na bado anakumbuka alipokwama yeye.

Imeili pia tujirekebishe. Mi mara ya kwanza kumwandikia lekchara niliandika "Habari sir, naomba maksi zangu." Basi, hamna jina, hamna namba ya usajili wala kozi. Akajibu neno moja: Nani? Alikuwa na haki yake.

Ila msidhani nimekuja kuwatetea walimu. Tulikuwa na mmoja, semista nzima tulimuona mara tano, slaidi anamtumia CR, kiongozi wa darasa, afu pepa ikaja na vitu ambavyo hata kwenye slaidi havipo. Kundi la WhatsApp likawaka matusi, kuna mtu akapiga skrinishoti ikamfikia mwenyewe, tukaanza kuombana radhi sisi! Waliotufuata mwaka uliofuata kwenye kozi nyingine ya huyo huyo mwalimu walikuwa na akili kuliko sisi: CR wao aliandika tarehe ya kila kipindi ambacho mwalimu hakuja, wiki ya sita akapeleka kwa mkuu wa idara barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe tu, haina tusi. Wakaletewa TA akamalizia. Hata ile fomu ya kutathmini walimu mwisho wa semista, sisi tulikuwa tunatiki tano tano chap chap tuondoke, afu tunarudi vimbwetani kulalamika.

Na hili la mwisho naliandika kwa dada zangu, ingawa linawapata hata wavulana. Ukiambiwa maksi zako ziko hotelini au nyumbani kwa mtu, huyo sio mwalimu mkali wala sio uzungu wa chuo, ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono. Usifute meseji hata moja, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, namba ya TAKUKURU ni 113 na ni bure. Usiende hata "kuongea tu".

Dogo alinisikiliza mpaka kahawa ya tatu, ila niliona hajakubali sana, akaondoka na orodha yake. Si unajua Tanga, waja leo waondoka leo, nikajua nimesahaulika njiani huko. Jana jioni simu ikalia. "Kaka nimekula 5 kwa 15 ya Msumeno. Nimeenda kugonga, hayupo, mlangoni wameandika Alhamisi saa 8."

Nimemjibu, Alhamisi si kesho hiyo, wahi kabla ya foleni. Akaniuliza foleni ya nini kaka, hapa hamna mtu.