Maswali na Majibu: Vyuo vya Indiana na Hesabu za Machi

Februari inapoelekea ukingoni, barua nyingi zinazoletwa kwenye safu hii zinahusu timu za mpira wa kikapu za vyuo vya jimbo la Indiana: nani ataingia kwenye mashindano ya kitaifa ya Machi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, nani ataachwa, na atakayeingia atapangwa wapi. Tumechagua barua nne.

Mhariri, msimu wa 2024–25 Chuo Kikuu cha Indiana kilishinda mechi 19, kikapoteza 13, kikaachwa nje. North Carolina, iliyoshinda mechi moja tu kati ya 13 zilizohesabiwa kuwa ngumu zaidi, ikachukuliwa. Kamati inatazama nini hasa? — Msomaji, Bloomington

Kamati ya uteuzi ina wajumbe 12, nao huchagua na kupanga timu 68, idadi inayotumika tangu 2011. Mwaka 2025, timu 31 ziliingia moja kwa moja kwa tiketi walizopata kwa kutwaa mashindano ya ligi zao, na 37 zilizobaki zikachaguliwa na kamati. Indiana ilitajwa miongoni mwa timu nne za kwanza kuachwa, maana yake ni kwamba ilikosa nafasi kwa tofauti ndogo mno.

Chombo kikuu cha kupangia rekodi hizo ni orodha ya NET, iliyoanza kutumika msimu wa 2018–19. Kila mechi huwekwa katika kundi mojawapo kati ya manne, kwa kuangalia nafasi ya mpinzani kwenye orodha hiyo na mahali mechi ilipochezwa. Mechi ya kundi la kwanza ni ile ya nyumbani dhidi ya timu iliyo kati ya 1 na 30, au ya uwanja usio wa timu yoyote dhidi ya iliyo kati ya 1 na 50, au ya ugenini dhidi ya iliyo kati ya 1 na 75. Chukua mpinzani aliye nafasi ya 60. Ukimfunga nyumbani kwako, ushindi wako unaingia kundi la pili. Ukimfuata kwake ukamfunga huko, unaingia kundi la kwanza, ingawa wachezaji ni walewale na kikapu kina urefu uleule. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua hatima ya timu yake mwishoni mwa msimu asihesabu mechi zilizobaki tu, bali atazame ni ngapi za ugenini na ni dhidi ya nani. Tena nafasi ya mpinzani huhesabiwa kama ilivyo siku ya uteuzi, si kama ilivyokuwa siku mlipokutana. Timu mliyoifunga Desemba ikiporomoka Februari, ushindi wenu hushuka thamani pamoja nayo.

Wasomaji wengi huamini kwamba kamati hupenda timu inayomaliza kwa kasi. Hilo si sahihi: ushindi wa Novemba una uzito sawa na wa Machi. Timu iliyolala mwanzoni haifutiwi deni kwa sababu imeamka mwishoni.

Kuhusu North Carolina, wengi walinong'ona kwa kuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati mwaka huo. Kanuni zilimtaka atoke nje timu yake inapojadiliwa. Binafsi naona malalamiko yangekuwa na nguvu zaidi kama yangeelekezwa kwenye ile rekodi yenyewe ya ushindi 1 na vipigo 12, ingawa timu hiyo ilikwenda Dayton, Ohio, kwenye mechi za awali, ikaifunga San Diego State 95–68.

Ndugu Mhariri, mwaka 2024 Indiana State ilikuwa na ushindi 28 na vipigo 6 tu, lakini haikuitwa. Je, timu ya ligi ndogo ina haja gani ya kujitahidi katika mechi za kawaida, kama kila kitu huamuliwa wikendi moja? — Mwanafunzi, Terre Haute

Uchungu wako una msingi. Indiana State ilifika fainali ya ligi yake ya Missouri Valley mjini St. Louis, ikafungwa na Drake 84–80, na kwa kipigo hicho tiketi ya moja kwa moja ikaenda kwa Drake. Kamati ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo, nayo haikushawishika. Timu ya ligi ndogo hukosa mechi za kundi la kwanza si kwa uvivu, bali kwa sababu wenzake katika ligi wako chini kwenye orodha, na vigogo hawako tayari kwenda kucheza kwenye viwanja vyao, ambako wana mengi ya kupoteza na machache ya kupata. Kwa maoni yangu timu ile ilistahili kuingia. Ilipelekwa kwenye NIT, mashindano ya timu zilizokosa nafasi ya NCAA, ikafika fainali katika uwanja wa Hinkle, Indianapolis, ikapoteza kwa Seton Hall 79–77. Baada ya hapo kocha Josh Schertz alihamia Saint Louis, na nyota wake Robbie Avila akamfuata. Ligi ndogo huadhibiwa hivyo hata inapofanya vizuri.

Hata hivyo mechi za kawaida zina faida yake, kwa kuwa timu zinazomaliza juu hupita raundi ya kwanza ya mashindano ya ligi bila kucheza, na kuokoa miguu ya siku moja si jambo dogo. Tena bahati nayo ina njia zake. Mwaka 2023 Fairleigh Dickinson ilifungwa fainali ya ligi yake na Merrimack 67–66, lakini kwa kuwa Merrimack ilikuwa bado katika kipindi cha mpito cha kupanda daraja, haikuruhusiwa kushiriki, na tiketi ikaenda kwa aliyefungwa. Siku chache baadaye timu hiyohiyo, iliyopangwa namba 16 (katika kila kanda timu hupangwa kuanzia namba 1, iliyo bora, hadi 16), ikaitoa Purdue ya namba 1 kwa 63–58. Huko West Lafayette, kiliko chuo cha Purdue, hakuna anayehitaji kukumbushwa.

Je, ni kweli kwamba kupangwa namba 10 ni afadhali kuliko namba 8? — Msomaji, Indianapolis

Mara nyingi ni kweli. Namba 8 hucheza na namba 9, na atakayeshinda hukutana na namba 1, isipokuwa namba 1 awe ametolewa. Namba 10 hucheza na namba 7, na mbele yake kuna namba 2. Mechi ya kwanza ni ngumu kidogo zaidi, lakini ya pili ni nafuu. Butler ilipinga hesabu hii mwaka 2011: ilipangwa namba 8, ikaitoa Pittsburgh ya namba 1 kwa 71–70, ikafika fainali. Walio juu kabisa hupata faida nyingine, nayo ni umbali. Mwaka 2024 Purdue, ikiwa namba 1, ilipangiwa raundi mbili za mwanzo Indianapolis, mwendo mfupi wa gari kutoka chuoni, ikaendelea hadi fainali na kufungwa na UConn 75–60.

Kwa wanawake hesabu ni hizohizo? — Msomaji, Fort Wayne

Idadi ya timu ni 68 pia, tangu 2022, lakini nafasi ina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu timu 16 za juu huandaa raundi mbili za kwanza kwenye viwanja vyao wenyewe, jambo ambalo wanaume hawaruhusiwi. Kwa hiyo timu iliyo ya 15 au ya 17 mwishoni mwa Februari iko kwenye mpaka unaotenganisha kulala nyumbani na kusafiri. Ila uwanja hauchezi: mwaka 2023 wanawake wa Indiana, wakiwa namba 1, walifungwa na Miami 70–68 palepale Bloomington.