Kukesha usiku wa kuamkia egzeta

Wengine wanasema mtoto akeshe na vitabu usiku wa kuamkia egzeta, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo. Hapana ndugu, kukesha hakumsaidii mtoto, kunamharibia. Aliyoyasoma mchana, ubongo unayapanga na kuyashikisha akiwa amelala. Asipolala, anaona swali analolijua na jibu haliji. Wataalamu wa usingizi wanashauri mwenye miaka 13 hadi 18 alale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Nafundisha finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, hapa Bukavu miaka mingi, na wanaosinzia juu ya karatasi asubuhi ni wale waliokesha kwa kahawa. Kahawa ya saa mbili usiku, kwa wengi nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa saba.

Najua, kwetu Kadutu umeme mara nyingi unarudi usiku wa manane, na mtoto anaona ndiyo nafasi yake pekee. Basi alale saa mbili, aamke saa kumi na moja, afunge daftari ajiulize maswali mwenyewe. Kurudia kusoma tu bila kujijaribu hakushiki sana. Na asiende na tumbo tupu, hata uji unatosha.