Mitokondria zimo kwenye mmea pia

Hapana ndugu, si kweli kwamba mmea una kloroplasti badala ya mitokondria. Unazo zote mbili, na zote ni sehemu ndogo zilizo ndani ya seli. Kloroplasti hutumia mwanga kutengeneza sukari, basi. Sukari hiyo bado lazima ivunjwe kwa oksijeni ili seli ipate nishati ya kufanyia kazi, na hiyo ni shughuli ya mitokondria, mchana na usiku. Angalia mizizi ya mgomba: imo gizani udongoni, haina kloroplasti, lakini inakua na kufyonza madini. Ndiyo maana shamba likituama maji mizizi huoza, kwa sababu oksijeni haifiki.

Nafundisha baiolojia S.3 (kidato cha tatu) hapa Mbale, Uganda, na nadhani najua mkanganyiko huu unatoka wapi: ule mchoro wa seli ya mmea kwenye madaftari. Una ukuta wa seli, kiini, vakuoli na kloroplasti, mitokondria hazimo. Ule huchorwa kulingana na kinachoonekana kwa darubini ya shule. Weka ngozi ya kitunguu na tone la iodini, utaona kuta zimepangana kama matofali na kiini cha kahawia pembeni. Mitokondria zimo humo humo, ila ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) kwa upana.

Ukitaka seli isiyo nazo kweli, tafuta kwenye damu yako: seli nyekundu za binadamu zikikomaa hupoteza mitokondria, na kiini pia.