Vijana wa mauzo walio barabarani: simu zitarudisha gharama?

Mkuu, nimekuelewa: vijana sita wanauza duka kwa duka Magu hadi Misungwi, mmoja yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, oda ziko kwenye daftari, na unafikiria kuwanunulia simu janja za kutumia oda ila unahofia ni hasara.

Zitalipa, ila faida kubwa haiko kwenye kuokoa mafuta ya pikipiki. Iko kwenye oda. Ikiingia saa nne asubuhi, stoo inapakia mchana na mteja anapata mzigo kesho yake. Chukua programu inayohifadhi oda bila mtandao na kuituma mtandao ukirudi. Wa Nansio ataihitaji akiwa melini. Betri isipungue 5,000 mAh, na waongezee pawabenki.

Laini zisajiliwe kwa jina la kampuni, la sivyo kijana akiacha kazi anaondoka na wateja. Malipo yaingie Lipa Namba ya biashara, kamwe si namba yake. Pesa nyingi hupotelea hapo, si kwenye simu kuibiwa.

Kufuatilia walipo? Saa za kazi tu, wakiwa wamejulishwa kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, hivyo mwone mwanasheria kabla hujawasha.

Anza na wawili, mwezi mmoja, ukihesabu oda zilizokosewa. Na kwa kuwa wako kwenye pikipiki, hakikisha michango ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini) imelipwa.