Rangi imevimba juu ya tairi la nyuma: puti peke yake haitibu

Mkuu, umeuliza kama fundi yuko sahihi kusema atakwangua kutu, apige puti (ute wa kujazia mabonde ya bati), apulize rangi na kukukabidhi gari jioni. Hayuko sahihi. Gari litatoka linapendeza, halafu masika ikipita malengelenge yanarudi palepale.

Ukingo wa fenda ya nyuma ni mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyokunjwa pamoja. Tope linalorushwa na tairi hujikusanya kwenye mkunjo ule na kutunza unyevu. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, ongeza chumvi ya bahari. Na gari lililotumika kaskazini mwa Japani huenda lilishakutana na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu huanzia kati ya mabati hayo na kula kuja nje, kwa hiyo lengelenge dogo unaloliona ndiyo mwisho wa safari yake. Puti nayo hunyonya maji. Ikizibia tundu, inalowa kwa nyuma na kubanduka.

Gongagonga eneo lote kwa ncha ya bisibisi. Bati likiwa gumu, kwangua kwa grinda mpaka chuma kitupu, ukipita sentimita 3 hadi 5 zaidi ya pale kutu ilipoishia. Vishimo vyeusi havitoki kwa brashi ya waya, inaving'arisha tu. Hivyo vinataka kupigwa mchanga kwa upepo, au asidi ya fosforasi, ambayo lazima isuuzwe na bati kukaushwa papo hapo kwa sababu mabaki yake huiharibia mshiko praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayotangulia juu ya chuma.

Bisibisi ikipenya, kata mpaka ukute bati zima, kisha chomelea kipande cha unene uleule, kwa kawaida karibu milimita 0.8. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Kuchomelea kwa gesi ya kabaidi hupasha moto eneo kubwa, bati linapata mawimbi, mawimbi yanafichwa kwa puti nene. Tafuta mwenye MIG, mashine ya kuchomelea kwa umeme, ya waya wa milimita 0.6, apige nukta moja moja akirukaruka kutoka upande hadi upande. Kabla ya cheche yoyote, betri itenganishwe, kapeti na plastiki za ndani zitoke, na kama ndio upande wa kujazia mafuta, bomba lake lifunguliwe, liondolewe na mdomo wa tanki uzibwe. Kulifunika kwa gunia la maji si usalama.

Juu ya chuma kitupu weka praima ya epoksi mikono miwili (tabaka mbili), na upande wa ndani popote bunduki inapofika. Iache ilale hadi kesho yake. Puti inakuja juu ya epoksi, ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukipita, piga msasa kwanza. Usiiweke juu ya praima ya asidi.

Hadina ya puti, yaani dawa ya kuigandisha, ni takriban gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kwa joto la Dar mchanganyiko huganda ndani ya dakika chache, basi changanya kidogo kidogo. Anayezidisha hadina ili amalize haraka anakuachia madoa ya njano yanayopenya hadi kwenye rangi. Baada ya msasa unene usizidi milimita 3. Anza na msasa wa P80 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kwenye ubao mrefu, kisha P180, kingo umalizie P320, yote makavu. Msasa wa maji kwenye puti ni kuyafungia maji ndani mwenyewe. Praima ya 2K, ile inayochanganywa na hadina na kupulizwa juu ya puti, ndiyo inayoweza kusuguliwa kwa maji: P400 hadi P500 kwa rangi ya kawaida, P600 kwa metaliki, yaani rangi yenye chembe za kung'aa.

Kama gari ni Toyota, soma namba ya rangi (kodi) kwenye kibati cha utambulisho wa gari. 040 ni nyeupe ya kawaida, hiyo haisumbui sana. 1F7 ni fedha ya metaliki, lazima ififishwe taratibu kuingia kwenye mlango, la sivyo tofauti itaonekana juani. 070 ni lulu ya tabaka tatu. Usikubali ipulizwe kabla hujaona kadi ya majaribio iliyopulizwa rangi hiyo. Klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, nayo isiishie katikati ya fenda, maana ukingo wake ndio utakaoanza kubanduka.

Usipulize mvua ikinyesha au bati likiwa na jasho. Thina inayokauka haraka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unageuka maji juu yake na rangi inapata ukungu mweupe. Pwani tumia thina ya taratibu. Toa maji kwenye tangi la kompresa na uweke chujio. Bunduki iwe ya tundu la milimita 1.3 au 1.4, ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati.

Hadina ya klia na praima za 2K ina isosayaneti, inayoweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu. Kitambaa na barakoa ya vumbi havizuii kitu. Kinachofaa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Rangi ikishakauka kabisa, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya fenda hadi ichuruzike kwenye mkunjo, na uhakikishe matundu ya kutolea maji hayakuzibwa. Fundi akikwambia hiyo ni gharama ya bure, mwambie apunguze kwenye polishi.