Kabla hujamwekea mgonjwa kifaa cha kushikilia kinywa

Ninyi mnaoanza mazoezi kwenye kliniki za meno hapa Mwanza, nawasihi mlishike hili kabla ya mengine: ukishamwekea mgonjwa kifaa cha kushikilia kinywa kibaki wazi, umemfunga kauli. Hawezi kukwambia taya linamuuma wala kwamba maji yanamwingia kooni. Kwa hiyo kubalianeni kwanza. Mimi humwambia, "Bibi, ukiona shida inua mkono wa kushoto, nitaacha papo hapo." Wa kushoto, kwa sababu wengi wetu tunakaa kuliani kwake tukiwa na ncha kali mkononi. Kama ametoka Magu au Ukerewe na Kiswahili kinamsumbua, mwite mwenzako amweleze kwa Kisukuma au Kikerewe. Kuitikia kwa kichwa si kuelewa. Wazee wetu huitikia kwa heshima tu.

Mtakayoitumia sana ni raba ya kung'ata. Hukaa kati ya magego ya upande usiofanyiwa kazi, ncha yake nyembamba ikielekea nyuma. Chagua ndogo kadiri kazi inavyoruhusu. Halafu ifunge uzi, na mwisho wa uzi uning'inie nje ya mdomo, hata kama kazi ni ya dakika 5. Raba iliyolowa mate huteleza, na ikikimbilia kooni huo uzi ndio wa kuivuta. Ukikuta kliniki wameizoea bila uzi, wewe funga.

Kile cha chuma chenye mikono kama ya mkasi kina nguvu kuliko unavyodhani. Kifungue kidogo kidogo, macho yako kwenye uso wa mgonjwa. Angalia mdomo wa chini usibanwe kati ya chuma na jino, maana mwenye ganzi hasikii, na kidonda atakigundua akifika nyumbani. Kwa mtoto wa miaka 6 au 7 gusa meno yake kwa kidole kwanza. Jino linalocheza usiliegemezee chuma. Linaweza kung'oka na kuingia kwenye njia ya hewa.

Kinywa kikigoma kufunguka, usikilazimishe. Huenda ni jipu la gego la mwisho, huenda ni pepopunda. Mwite mkubwa wako.

Na mgonjwa akianguka kifafa hapo kliniki, msimtie kitu kinywani. Ndugu watakimbilia kijiko. Wakatalieni kwa upole, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mwangalieni anavyopumua. Hili mlieleze na huko mitaani kwenu, kwa sababu kijiko kimevunja meno ya watu wengi.

Kazi ikiisha, usimwinue kitini mpaka afunge kinywa na kukifungua tena mbele yako. Likishindwa kufunga, huenda taya limeteguka: msimamizi aitwe hapo hapo, kabla misuli haijakaza, kwani likikawia kurudishwa linakuwa gumu zaidi.