i7 ya kizazi cha 7 au Ryzen 5? Soma namba nzima kabla ya kutoa pesa

Dadangu wa Shela, Lamu, umeuliza kati ya laptop mbili ulizoonyeshwa Malindi, moja ina prosesa ya Intel i7-7500U na nyingine ya AMD Ryzen 5 5500U, bei zikikaribiana, ipi itafaa hesabu za gesti na kukata video za wageni. Chukua Ryzen. Muuzaji anayekwambia "i7 ni i7" anakuuzia stika.

Hiyo i7 ina kori 2 (vichwa vya kufanya kazi) na nyuzi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). 5500U ina kori 6 na nyuzi 12, na zote ni za wati 15. Si kwamba Intel hawajui kazi. Kwa miaka mingi hawakuwa na wa kuwasumbua kwenye laptop nyembamba, basi kila mwaka wakatoa kori 2 zilezile na namba mpya. Mwaka 2017 AMD wakaja na Ryzen, na mwaka huohuo Intel wakatoa i5-8250U yenye kori 4 na nyuzi 8, kwa wati zilezile. Kwa hiyo kwenye kutoa video, i5 ya kizazi cha 8 inaiacha mbali i7 ya kizazi cha 7. Mwaka 2020 AMD wakafikisha kori 8 ndani ya wati 15 kwa Ryzen 7 4800U, iliyochongwa na TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, wakati Intel walikuwa wamekwama miaka kadhaa na teknolojia yao ya kuchonga chipu ya nanomita 10. Novemba hiyo Apple nao wakaanza kuwahama Intel kwa M1, chipu yao wenyewe.

Kuna na Windows. Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Hapo 7500U imeachwa nje. AMD nao wana mtego wao: Ryzen 5 2500U haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11, 3500U imo.

Msidhani AMD ni malaika. Hiyo 5500U ndani ni Zen 2, ilhali 5600U ni Zen 3 (Zen ni muundo wa ndani wa prosesa zao, namba kubwa ndiyo mpya), na kwa jina utadhani wamepishana hatua moja tu. Kwenye namba za 7000 tazama tarakimu ya tatu: 7520U ni Zen 2 yenye kori 4, 7530U ni Zen 3, 7840U ni Zen 4. Ukiona 7520U inauzwa kwa bei ya 7530U, ondoka.

Kuhusu kwa nini maduka yamejaa Intel: mtumba wetu mwingi ni laptop za maofisi ya ng'ambo, na maofisi yalinunua Intel. Zamani ushindani wenyewe ulikuwa na maneno. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliwatoza Intel faini ya euro bilioni 1.06 kwa punguzo walizowapa watengenezaji wa kompyuta. Mahakama ikaifuta mwaka 2022. Lakini mwaka huohuo wa 2009 Intel waliwalipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao.

Sasa dukani. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha CPU: jina kamili, kori (Cores) na nyuzi (Logical processors) zote zimeandikwa pale. Fungulia video kadhaa kwa pamoja dakika 10 na utazame Speed. Ikishuka chini ya Base speed na kubaki huko ilhali Utilization iko juu, huenda feni imeziba, paste ya kupitisha joto la prosesa imekauka, au chaja si yake. Kuna laptop ambazo zikiwekewa chaja zisiyoitambua hujibana zenyewe. Kwa joto la Januari kwenu kasoro hiyo itazidi. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, fungua faili la ripoti litakalotajwa pale, na ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabu betri mpya ndani ya bei.

Kwa Ryzen, RAM ndiyo inayowaponza wengi. Sehemu ya prosesa inayochora picha kwenye skrini inatumia RAM hiyohiyo ya mashine, kwa hiyo kijiti kimoja cha GB 8 kinaipunguza nguvu sana. Taka vijiti viwili vya GB 8, na kabla ya kulipa hakikisha nafasi ya pili ipo, maana kuna modeli ambazo RAM imechomelewa kwenye bodi.

Laptop za Snapdragon X, prosesa za aina ya ARM na si za Intel wala AMD, zinakaa na chaji, lakini printa ya risiti ya zamani inaweza kukosa draiva ya ARM. Ukiwa nayo gestini, usiziguse. MacBook ya M1 nayo ni nzuri, ila RAM na SSD zimechomelewa, na bodi ikishaliwa na chumvi ya bahari fundi hana pa kuanzia.

Mwambie muuzaji akufungulie kifuniko cha chini mbele yako. Ukiona kutu ya kijanikijani kwenye skrubu au shaba ya feni, iache hapohapo. Ukishavuka Mokowe kwenda Lamu, kuirudisha Malindi ni nauli juu ya nauli.